Kisiagi Kikigoma Saa Nne Asubuhi: Jinsi ya Kukifikisha Jioni Bila Kukiua

Waithaka haina viwanda vya kuta ndefu na mageti ya walinzi kama vile vya Enterprise Road. Ina karakana za mabati: kisiagi cha mahindi, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, kichanganyio cha unga wa mkate, mashine ya kufyatua matofali ya saruji. Upande huu wa Dagoretti bado kuna watu wenye kishamba nyuma ya nyumba na ng'ombe wawili watatu zizini, kwa hivyo kisiagi hichohicho kinachosaga unga wa ugali asubuhi ndicho kinachosaga chakula cha mifugo alasiri. Kikisimama, wateja hawangoji. Watabeba gorogoro zao hadi Kawangware au Riruta, na wengine hawatarudi.

Mwongozo huu umeandikiwa mwenye mashine na kijana anayeiendesha. Nimekichukua kisiagi kama mfano kwa sababu ndicho kilichoenea zaidi mtaani, na kwa sababu kina karibu kila kitu ambacho mashine nyingine zinacho: mota, mikanda, puli, beringi, shafti inayozunguka kwa kasi, na swichi zake.

Msimamo wangu uko hivi. Tengenezo la muda linakubalika kwa masharti mawili: liandikiwe tarehe ya kuondolewa, na mashine ipunguziwe mzigo mpaka tarehe hiyo. Likikosa sharti moja tu, hujatengeneza chochote. Umeficha hitilafu, na siku itakapojitokeza tena itakuja na nyingine.

Kabla ya kushika spana, piga hesabu. Tuseme unasaga kilo 600 kwa siku kwa shilingi 5 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 3,000 kabla hujatoa ya stima, ya kodi na ya kijana. Hicho ndicho unachojaribu kuokoa leo. Sasa weka kando yake gharama ya kusuka mota upya, na zile siku ambazo mota itakaa kwa fundi huku mlango wako ukiwa umefungwa. Kama tengenezo unalowaza lina hatari ya kuiunguza mota, hesabu imeshakujibu: funga, mtume mtu mjini akanunue kipuri.

Hatua ya 1: Zima, funga, hakikisha

Kubonyeza kitufe chekundu hakutoshi. Shusha swichi kuu ya mashine, itie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye mikono yake itaingia ndani. Usiukabidhi kaunta wala usiutundike msumarini. Kama swichi yako haina tundu la kufuli, chomoa fyuzi zote tatu uzitie mfukoni. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha. Mashine isiponguruma, chukua kipima volti, kijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, halafu pima kwenye nyaya za mota, halafu rudi ukijaribu tena pale pa kwanza. Kipimo kilichokufa betri husoma sifuri kila mahali, hata kwenye waya unaoweza kukuua.

Rota ya kisiagi ni nzito na huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, kwa hivyo ukizima itaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda. Usifungue kifuniko kwa kusikiliza. Fungua baada ya kuiona puli imesimama kabisa. Na kabla ya hayo yote, waombe akina mama walio na watoto mgongoni na wale vijana wanaopenda kutazama wasogee nje. Watu wa karakana hulisahau hili, na ndilo rahisi kuliko yote.

Hatua ya 2: Jua yale yasiyo na tengenezo la muda

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyatafutia njia ya mkato, hata foleni ikifika barabarani. Kinga ya mkanda ni mojawapo. Mashine haizungushwi bila kinga "kwa dakika mbili tu". Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi azikinge sehemu hatari za mashine zinazozunguka, na hakuna kifungu kinachomsamehe aliye na haraka. Jambo la pili ni ile relei ya kuzuia mota kubeba mzigo kupita kiasi, mafundi huiita ovalodi. Usiirukie kwa waya, usiipandishe. Waya wa ardhi nao haukatwi. Tangi la hewa la kompresa lililotoboka halichomelewi kiraka. Linatolewa kazini, kwa sababu shinikizo la hewa likipasua kiraka vipande vya chuma huruka. Minyororo na ndoano za kuinulia mizigo ni vivyo hivyo.

Halafu liko la chakula. Chochote kinachogusana na unga kisifungwe kwa tepu, gundi ya kawaida, gunia au rangi. Unga huo utaliwa na mtoto wa mtu jioni hiyohiyo.

Kazi ya umeme iliyo ndani ya sanduku la swichi ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Ninayoyaeleza chini kuhusu umeme ni ili ujue umwambie nini, na umkatalie nini.

Hatua ya 3: Tafuta ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Visiagi vingi vya mtaani vimeundwa na mafundi wa Kariobangi Light Industries, Gikomba au Kamukunji. Havina kitabu cha maelekezo. Vipimo vya shafti ya jirani si lazima viwe sawa na vya kwako, hata kama mlinunua kwa fundi mmoja. (Visiagi vya kiwandani kama vile vya Ndume kutoka Gilgil angalau vina vipuri vinavyojulikana.) Kwa hivyo wewe ndiwe utakayeandika kitabu: nguvu ya mota, ampea zilizochapwa kwenye kibati chake, namba za mikanda, namba za beringi, idadi ya nyundo. Yaandike kwa rangi ukutani kama huna daftari.

Dalili husomwa hivi. Mashine ikitetemeka ghafla baada ya mlio wa kugonga, nyundo imevunjika au kitu kigeni kimeingia. Mtetemo ukiongezeka kidogo kidogo kila siku, beringi imekwisha au bolti za msingi zimelegea. Harufu ya mpira ni mkanda unaoteleza. Harufu kali ya vanishi iliyoungua ni mota, na hapo usijaribu kuwasha tena hata mara moja. Unga ukitoka mkwaruzo, chekeche limetoboka. Unga ukigoma kupanda kwenye saikloni huku mota ikizunguka vizuri, uliza kwanza kama stima ilikuwa imepotea usiku na ikarudi. Huenda waliotengeneza laini wamezigeuza fezi, na mashine inazunguka kinyume. Tiba yake ni dakika kumi za fundi: kubadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazoingia kwenye mota.

Hatua ya 4: Mkanda

Hili ni rahisi, ila watu hulifanya vibaya. Mkanda una namba mgongoni, kwa mfano B68. Herufi ni upana wake, A milimita 13, B milimita 17, C milimita 22. Tarakimu ni urefu wa ndani kwa inchi. Mkanda wa A kwenye puli ya B utazama hadi chini ya mfereji, utateleza na kuungua kabla ya saa sita mchana. Usikubali kuuziwa "huu ni ileile tu".

Kama puli yako ina mikanda mitatu na mmoja umekatika, unaweza kumaliza siku kwa miwili, mradi umepunguza kasi ya kumimina mahindi. Mkanda uliokatika uondoe wote, usiuache ukining'inia kwenye shafti. Kesho nunua yote mitatu pamoja. Mkanda mpya ukiwekwa kati ya mizee iliyorefuka utabeba mzigo peke yake na kufa upesi.

Kukaza: bonyeza mkanda katikati ya puli mbili. Kwa kila mita moja ya nafasi kati ya puli, unapaswa kubonyea kama milimita 16. Kijana mwenye nguvu hupenda kuukaza hadi ulie kama gitaa, na beringi ndizo zinazolipa. Usimwagie lami, sabuni wala soda ili ushike. Kama unateleza ilhali umekazwa sawa, mfereji wa puli umelika, na hilo halina dawa ya siku moja.

Hatua ya 5: Beringi na shafti

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea, basi twende polepole.

Gusa nyumba ya beringi kwa kiganja, kinga ikiwa mahali pake na mkono ukiwa mbali na mkanda. Mkono ukishindwa kukaa hata sekunde tano, joto limefika karibu nyuzi 60. Hilo ni onyo. Kama jana ulikaa vizuri na leo haukai, zima. Chukua fimbo ya mbao, ncha moja kwenye nyumba ya beringi, nyingine sikioni. Beringi nzima huvuma sawasawa. Iliyokwisha hukwaruza kama kokoto kwenye sufuria.

Ikiwa inavuma juu kidogo na imekauka, grisi inaweza kukufikisha jioni au hata wiki ijayo. Tia kidogo kidogo, ukizungusha shafti kwa mkono. Grisi isijaze zaidi ya theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi ndani. Ikijaa, beringi huisukuma na kuchemka zaidi ya ilipokuwa kavu. Usichanganye grisi za aina tofauti, baadhi hugeuka maji zikikutana. Na kwa kuwa hii ni mashine ya chakula, tumia grisi yenye alama ya H1, ambayo imekubaliwa pale ambapo inaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Ile nyeusi ya gari iachie gari.

Ikiwa tayari inakwaruza, grisi haitafufua chuma kilichopasuka. Zima na ubadilishe. Namba iliyo ubavuni ndiyo jina lake: katika 6205, tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa 5 unapata tundu la milimita 25, 6308 ni milimita 40. Hesabu hii inaanzia 04; kwa 00, 01, 02 na 03 tundu ni 10, 12, 15 na 17. Herufi 2RS zina maana ya vifuniko vya mpira pande zote mbili, na kwa vumbi la kisiagi hivyo ndivyo utakavyo. ZZ ni vya bati, na unga huvipenya.

Sasa tatizo ambalo humvunja moyo mwenye kisiagi: beringi ni mpya lakini shafti imelika, hivyo inacheza ndani yake. Kabla ya kulia, tazama kama beringi yako ni ile ya kufungwa juu ya kitako, mfano UCP 208. Hizo zina bolti ndogo mbili zinazobana shafti. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba bolti hizo zimelegea. Piga tupa kidogo kwenye shafti mahali bolti zinapokaa ili pawe bapa, kaza, na kazi imekwisha. Hilo si la muda hata.

Kama kweli shafti imelika, njia za muda ni tatu, na nazipanga kwa kadiri ninavyoziamini. Ya kwanza ni gundi ya kushikilia beringi, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Safisha shafti kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, paka, ingiza, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiwasha kabla ya muda huo, umeharibu gundi na siku. Ya pili ni kipande cha bati la mkebe wa soda, lenye unene wa takriban milimita 0.1, kikizungushwa shafti mara moja tu, kingo zake zikikutana bila kupandana. Tabaka mbili huifanya shafti ikae upande. Bati la mkebe ni laini na kwa kasi ya kisiagi litasagika. Lihesabu kuwa la siku mbili, na kwa kikata majani kinachozunguka polepole labda wiki. Ya tatu ni kupiga shafti vidoa kwa ponchi ili chuma kivimbe. Mafundi wa jua kali wanaipenda kwa sababu haihitaji kununua chochote. Mimi siipendi, maana vidoa vyenyewe hulika haraka, na vinaacha shafti iliyo mbaya zaidi kwa fundi wa mashine ya kukereza atakayekuja baadaye. Itumie tu kama shafti imeshaamuliwa kutupwa.

Usichomelee beringi kwenye shafti. Nimeliona hilo mara nyingi mno, siwezi kulinyamazia. Joto linaua ugumu wa chuma cha beringi, na siku ya kuitoa utakata shafti nzima.

Hatua ya 6: Nyundo na chekeche

Nyundo za kisiagi ni vibapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye pini. Kibapa chenye matundu mawili kina pembe nne za kusagia, kwa hivyo pembe moja ikilika unakigeuza, mara tatu, kabla ya kukitupa. Mwenye kisiagi asiyejua hili hununua nyundo mara nne zaidi ya anayejua.

Nyundo moja ikivunjika, toa pia ile inayoelekeana nayo upande wa pili wa rota. Utasaga polepole kidogo, lakini rota itakuwa na mizani. Ukiacha pengo upande mmoja, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika mtetemo utamaliza beringi zote mbili kabla hujafunga duka. Mizani ya dijitali ambayo unapimia unga wa wateja ndiyo chombo chako hapa: ifunike kwa karatasi, pima nyundo moja moja, kisha panga zinazolingana uzito zielekeane. Kama fundi amezijaza ncha kwa kuchomelea, zipime tena baada ya kupoa na usawazishe kwa tupa.

Kipande kilichovunjika lazima kipatikane. Hili halina mjadala. Fungua chini, pitia saikloni, pitia gunia la mwisho. Saga kilo chache za mahindi mabovu kusafisha, kisha mwaga kilichotoka, wala usimpe ng'ombe. Ng'ombe hachambui anachomeza. Kipande cha chuma hutua kwenye tumbo lake la pili, na kutoka hapo kinaweza kuchoma hadi moyoni. Mfugaji wa zizini aliyekulipa kusagiwa hatakulaumu kwa kuchelewa siku moja, ila atakulaumu kwa hilo. Sumaku kwenye mdomo wa kumiminia mahindi huzuia misumari ya magunia kuingia tangu mwanzo, na bei yake ni ndogo kuliko ya chekeche moja.

Chekeche lililotoboka tundu la ukubwa wa shilingi unaweza kulifunika kwa kipande cha chekeche kuukuu chenye matundu sawa, kikapandana sentimita mbili kila upande na kushikwa kwa riveti za chuma. Upande unaokwaruza kidole uelekee nyundo. Likitoboka mahali pawili, au likiwa limepasuka kwenye ukingo linaposhikwa, halistahili kiraka. Mashine ya chakula cha mifugo inavumilia zaidi, maana matundu yake ni makubwa. Ya unga wa ugali haivumilii, mteja atausikia mchanga ulimini.

Hatua ya 7: Stima

Mota ya fezi tatu ikinguruma bila kuzunguka, zima ndani ya sekunde mbili. Huenda fezi moja imepotea. Fundi apime kati ya fezi na fezi. Anapaswa kupata karibu volti 415 kwa jozi zote tatu, na karibu 240 kati ya kila fezi na nyutro. Jozi yoyote ikiwa chini sana, angalia kwanza fyuzi zako. Fyuzi zikiwa nzima na tatizo liko nje ya mita, piga Kenya Power kwa 97771, sema ni fezi moja iliyopotea wala si giza la mtaa mzima, na ungoje. Hakuna tengenezo la muda la fezi iliyopotea. Tofauti ndogo ya volti kati ya fezi huzaa tofauti ya ampea kubwa mara sita hadi kumi, na mota huungua ikiwa inaonekana inafanya kazi.

Kontakta, ile swichi ya sumaku inayoiwasha mota, ikigoma kushika, utaona kijana akitafuta kipande cha mti aichomeke. Mfukuze huyo. Kontakta iliyokabwa kwa mti haizimiki kwa kitufe cha dharura wala kwa ovalodi. Badala yake, azima kontakta ya mashine nyingine ambayo haitumiki leo, yenye ampea sawa au zaidi na koili ya volti ileile. Ziko za 240 na za 415, na zikibadilishwa moja huungua na nyingine haishiki. Sehemu za kugusana zikiwa nyeusi usizipige msasa. Weusi huo kwa kawaida haudhuru, lakini ukiupiga msasa unaondoa fedha iliyopakwa juu.

Waya ulioungua kwenye kiungio hukatwa nyuma mpaka shaba ing'ae, unatiwa kichwa kipya cha ukubwa wake kwa koleo la kubania, na kukazwa. Tepu nyeusi juu ya waya uliokaangika ni moto uliocheleweshwa.

Mota ya fezi moja inayohitaji kusukumwa kwa mkono ndipo iamke imepoteza kapasita. Itafute yenye maikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Kabla ya kuishika, itoe chaji kwa balbu ya nyuzi ya wati 60, si kwa bisibisi. Kuzungusha puli ya kisiagi kwa mkono huku stima imewashwa kumeshawakata watu vidole, wala sihitaji kueleza zaidi.

Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipenya paa la mabati usiku, mota inaweza kuwa imelowa. Fundi aipime kwa mega ya volti 500. Chini ya megaohmu 1 haiwashwi. Ifungue vifuniko, ianikwe juani, au itiwe pamoja na balbu ya nyuzi ya wati 100 ndani ya sanduku la mbao kwa siku nzima, kisha ipimwe tena. Jiko la makaa lisikaribie, vanishi ya nyaya itapasuka.

Ovalodi ikiruka tena na tena, hakikisha ampea ilizowekewa zinalingana na za kibati cha mota. Mota ya hp 10, yaani kilowati 7.5, hula karibu ampea 15 kwa volti 415. Ukiipandisha hadi 20 ili isiruke, haitaruka, na mwezi ujao utatafuta mtu wa kusuka mota.

Hatua ya 8: Ufa

Kwanza ujue ni chuma gani. Gusisha jiwe la kunolea: chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu nyeupe-njano, chuma cha kusubu hutoa fupi nyekundu zilizofifia. Fremu ya chuma cha kawaida inachomeleka. Toboa tundu la milimita 6 penye kila mwisho wa ufa ili usiendelee, chomelea, halafu weka bamba juu lishikwe kwa bolti. Puli ya chuma cha kusubu iliyopasuka haizungushwi tena, hata ikishonwa kwa ustadi gani.

Kabla ya kuchomelea, fagia vumbi la unga kwenye mihimili na paa. Unga uliotimka hewani unaweza kulipuka. Ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu, na mtu abaki akitazama angalau nusu saa baada ya cheche ya mwisho. Na koleo la waya wa kurudishia stima ya kuchomelea libanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kwenye kipande hichohicho. Likibanwa mbali, stima itapita ndani ya beringi na kuziacha na vidonda ambavyo utavisikia wiki ijayo.

Hatua ya 9: Washa kwa mzigo mdogo

Zungusha kwa mkono kwanza. Rudisha kinga. Washa tupu kwa dakika kumi, zima, kaza tena kila bolti uliyoigusa. Kisha mimina mahindi makavu pekee. Mabichi yataziba chekeche na kuongeza mzigo. Fundi akiwa na mita ya kubana waya, weka mlango wa kumiminia mahali ambapo mota inakula takriban asilimia 70 ya ampea za kibati, na uchore mstari hapo kwa chaki. Kila saa zima, gusa beringi, tazama kiraka.

Waambie wateja ukweli. "Mama, leo tunasaga polepole, mashine iko na shida kidogo, urudi saa tisa" humrudisha mtu. Kumwambia dakika tano kila baada ya dakika tano humfukuza.

Hatua ya 10: Karatasi, halafu kipuri

Funga kadi kwenye swichi ya kuwashia mashine, si kwenye daftari: kilichofanywa, aliyekifanya, tarehe, mwisho wa kutumika, na mzigo wa juu kabisa. Mfano: "Bati la mkebe, beringi ya upande wa puli. Jumatatu. Mwisho Jumatano jioni. Mahindi makavu tu, ampea 10." Jumatano jioni ikifika bila kipuri, kufuli inarudi kwenye swichi. Kijana wa zamu ya Alhamisi hakuwepo Jumatatu, kwa hivyo kadi ndiyo itakayomwambia.

Kipuri cha kweli kitafutwe siku hiyohiyo, wakati mashine inachechemea, si baada ya kufa. Mtume mtu Kirinyaga Road na kile cha zamani mkononi, si na picha yake. Beringi za bandia zipo tele. Alama za asili zimechongwa safi ubavuni, rangi ya kisanduku haijachujuka, na muuzaji hukupa risiti bila kunung'unika. Ukiletewa, pima tundu kabla ya kuvua kile cha muda, maana kuivua mashine inayofanya kazi ili ugundue kwamba beringi ni ya milimita 35 ni hasara ya siku nyingine.

Kiraka kikishatoka, kitazame. Bati lililosagika kwa siku moja linakuambia shafti inahitaji kukerezwa sasa. Lililo zima linakuambia una nafasi hadi mwisho wa mwezi. Kisha jaza sanduku la akiba: seti moja ya mikanda, jozi ya beringi, seti ya nyundo zilizopimwa uzito, chekeche moja, fyuzi, vichwa vya waya, bolti ndogo za kubana shafti, na kapasita kama mota yako ni ya fezi moja. Sanduku liwe na kufuli yake, na kila kinachotoka kiandikwe na kununuliwa tena kabla ya Jumamosi, siku ambayo foleni ni ndefu zaidi.